Fundi Imekufa na Saa ya Mzee King'ora

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kibao kilichofifia juu ya mlango wa kibanda chake, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Imekufa. Jina hilo alijipatia kwa ulimi wake mwenyewe. Mafundi wengine wa kompyuta katika safu ile ya vibanda, ukiwapelekea mashine iliyoungua, hukwambia uiache, upite kesho, upite wiki ijayo, kuna kifaa kinasubiriwa. Yeye aliifungua mbele yako, akainusa, akapitisha kidole juu ya bodi, kisha akainua uso na kusema, "Imekufa." Hakuongeza hata pole. Wateja walikasirika, wakaibeba mashine yao, wakaipeleka kwa fundi mwingine aliyewalisha matumaini mwezi mzima, halafu wakarudi kwake vichwa chini.

"Wewe ungekuwa daktari," alimtania jirani yake, fundi wa simu, "wagonjwa wangekata roho kwenye foleni kwa kukusikiliza tu."

"Na ungekuwa wewe," alimjibu, "maiti wangeambiwa warudi Jumatatu."

Watu walicheka, lakini waliomfahamu tangu ujana walijua ukali ule ulitoka wapi. Alipokuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi, mbali na kwao, mama yake alifariki. Ndugu wakakaa kikao, wakaamua asiambiwe mpaka amalize mitihani. Kila alipopiga simu alipokea shangazi. Mama amelala. Mama ametoka kidogo. Mama anakusalimu sana, anasema soma kwa bidii. Alisoma kwa bidii, akafaulu, akamnunulia mama viatu vya wazi vyenye soli laini, maana alikuwa akilalamika miguu. Alifika nyumbani na viatu mkononi, akaonyeshwa kaburi ambalo lilikuwa limeshaota nyasi.

"Tulikuficha kwa mapenzi, mwanangu," shangazi alisema.

Alikuwa amezituma salamu zake zote kwa mtu asiyekuwepo, na akaletewa majibu. Tangu siku hiyo hakumficha mtu yeyote kifo cha kitu chochote, hata kama ni spika ya redio.

Basi asubuhi moja alikuja kibandani mama mmoja mshonaji, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni kama mtu aliyetoka nyumbani akikimbia.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unifuate nyumbani. Kompyuta ya mume wangu imezima, na mwenyewe hataki itoke mlangoni."

"Ina shida gani?"

"Shida haiko kwenye kompyuta, iko kwa mwenyewe." Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Mume wangu amepotewa na kumbukumbu. Kuna kipindi alikuwa akitoka alfajiri, anasema anakwenda kazini, na kazi yenyewe ilishafungwa. Nimemtafuta mitaroni, nimemtafuta polisi, nimemtafuta hospitali. Kisha Mungu akasaidia, akatulia. Akiamka anakaa mbele ya kompyuta yake, anacheza karata, siku inapita. Miaka sasa. Juzi imezima. Jana kanitoka. Nimemkuta anatembea juu ya reli, kavaa tai." Akaikunja futi shingoni. "Mwanangu, nakuomba, lile neno lako usiniambie."

"Neno gani, mama?"

"Unalijua."

Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kimoja kinachofanya kazi zote. Cherehani ilikaa dirishani, kando yake mrundo wa sare za shule zikisubiri vifungo, na ukutani vumbi la chaki ya kushonea. Kwenye kona, mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, alikaa mzee mrefu aliyenyoa vizuri, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Huyo ndiye aliyekuwa Mzee King'ora. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza saa wa kiwanda cha nguo. Alikaa kwenye kijumba cha vioo getini, akiandika nani ameingia na nani amechelewa, na zamu ilipofika alibonyeza king'ora kilichosikika mpaka ng'ambo ya reli. Watu waliamka kwa king'ora chake, wakainjika sufuria kwa king'ora chake, hata watoto walizaliwa "kabla kidogo ya king'ora". Inasemekana aliwahi kumwandika mkurugenzi mwenyewe kuwa amechelewa, na alipoitwa ofisini kujieleza alisema, "Bwana mkubwa, watu hudanganya. Saa haidanganyi." Kiwanda kilipofungwa walimpa zawadi ya kuagwa: ile kompyuta ya kijumba cha getini, nzito kama jiwe la kusagia.

"Karibu, kijana," mzee alimwambia fundi kwa sauti ya ofisini. "Mama hajambo?"

"Mama alishafariki, mzee. Zamani."

Uso wa mzee ukaanguka. Akainuka, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mwanangu. Pole. Mama hana mbadala." Machozi yalimlenga.

Fundi akashukuru, akafungua kasha kwa bisibisi. Diski ilikuwa ikigonga ndani kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Alisikiliza, akakunja uso, akafumbua mdomo, akamwona yule mama akimtazama.

"Diski..." alisema, akameza mate. "Diski ndiyo imekwisha. Mashine yenyewe inapumua."

"Alhamdulillahi."

"Ila mfumo wake wa zamani siwezi kuurudisha, mama. Hautolewi tena, na huo uliopo sasa ni mzito, utaishinda nguvu. Nitamwekea diski nyingine niliyo nayo, halafu niweke mfumo mwingine, unaitwa Linux. Ni nyepesi, inakubali hata mashine za kizee."

"Ina karata?"

"Ina karata."

"Basi weka hiyo hiyo."

Haikuwa kazi ya kuweka na kuondoka. Mara ya kwanza kompyuta haikuiona hata flashi aliyokuja nayo, yenye Linux. Ikabidi aingie kwenye ukurasa wa buluu wa mipangilio, aiamuru ianze kusoma flashi kabla ya diski. Mara ya pili ilianza vizuri, nembo ikatokea, kisha kioo kikawa cheusi tii. Fundi aliijua hila hiyo: kadi ya picha ilikuwa ya kale kiasi kwamba mfumo mpya haukujua kuzungumza nayo. Akaiwasha upya, akaongeza neno moja kwenye mstari wa kuanzia ili mfumo uonyeshe picha kwa njia ya kawaida bila mbwembwe. Kioo kikaangaza. Mzee akapiga makofi.

"Kijana, unajua kazi. Mama hajambo?"

"Mama alishafariki, mzee."

"Lo! Lini?" Na mzee akainuka tena, akamshika mkono tena, machozi yakamlenga tena, mapya kabisa.

Mshonaji alisimamisha cherehani. "Wewe naye! Si useme tu hajambo? Mbona unamuua mama yako kila dakika?"

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Fundi aliinamia mashine. Aliunganisha intaneti ya simu yake, akaanza usakinishaji. Ulikwenda mpaka katikati, ukagoma. Akaurudia, ukagoma palepale. Akabadilisha flashi, akabadilisha tundu, akaangalia diski upya, akachomoa kadi za kumbukumbu akazisafisha meno kwa kifutio cha penseli kama walivyofundishwa chuoni. Ukagoma palepale. Aliketi kwenye kigoda, akausoma ujumbe wa kosa polepole, na safari hii akaucheka. Mfumo ulikuwa unayakataa mafaili kwa sababu yalipigwa muhuri kwa tarehe ambayo, kwa kompyuta ile, ilikuwa bado haijafika.

Akarudi kwenye ukurasa wa buluu. Saa ya mashine ilikuwa inasema ni tarehe mosi Januari ya mwaka wa zamani sana.

"Mama, njoo uone." Akachomoa kutoka kwenye bodi betri ndogo bapa, akaiweka kwenye kiganja chake. "Hii ndiyo inayokumbusha kompyuta tarehe ikiwa imezimwa. Imekufa." Neno likamtoka kabla hajalizuia.

"Kumbe kompyuta nayo ina kifungo," mama alisema, akiigeuza betri kwenye mwanga. "Mimi kila usiku nachomoa waya ukutani. Umeme wa huku hauaminiki."

"Ndiyo hapo. Kila ukichomoa, inasahau kila kitu. Kila asubuhi inaamka siku ileile ya kwanza, ya mwaka ilipozaliwa."

"Kama mwenye nyumba," mama alisema taratibu.

Fundi aliweka betri mpya. Akarekebisha tarehe, akahakiki kwa simu yake mpaka dakika, maana hakupenda kazi ya nusunusu. Usakinishaji ukaanza, ukapita pale ulipokuwa ukigoma, ukaenda mpaka mwisho bila kujikwaa. Wakati mashine ikifanya kazi, mshonaji alimvua fundi koti, akamshonea mfuko uliotobolewa na bisibisi. Mzee akaonyeshwa karata zilipo, akazitandaza kwenye kioo, akacheza huku akitabasamu, asijali hata kidogo kona ya chini ya kioo, kwa kuwa jioni ilikuwa inaingia na kwake siku ilikuwa imeshaisha. Fundi aliondoka akipiga mluzi. Fundi wa simu alishangaa kumwona.

"Umekunywa nini?"

"Nimefufua."

Siku ya pili yake hakusikia kitu. Asubuhi iliyofuata alikuta mshonaji amesimama nje ya kibanda kabla hakijafunguliwa. Futi haikuwa shingoni. Kiatu kimoja kilikuwa na tope mpaka kisigino.

"Umeniwekea nini kwenye ile mashine?"

"Mama?"

"Nauliza umeniwekea nini! Kakaa mbele yake, kaitazama, kainuka, kafunga tai, huyo! Jana siku nzima nimemtafuta. Unajua nilimkuta wapi? Kiwandani. Na kiwanda hakipo, pamekuwa ghala la saruji. Kasimama getini juani toka asubuhi. Mlinzi, mtoto mdogo wa kumzaa mimi, anamsukuma kifuani, 'Babu, toka hapa, malori yanapita.' Kaanguka, goti limechanika. Na analia." Sauti yake ikapasuka. "Halii kwa goti. Analia anasema, 'Mke wangu, nimechelewa. Mimi! Wamenifukuza hata barua hawajanipa.' Usiku kucha anajieleza kwa mabosi waliokwisha kufa. Na leo kaitazama tena ile mashine yako, akataka kutoka. Nimemfungia kwa kufuli. Mume wangu, nimemfungia kama mbuzi."

Walikwenda pamoja. Kabla ya kufika walisikia mlango ukigongwa kutoka ndani, si kwa fujo, bali kwa adabu, kama mtu anayebisha ofisi ya mkubwa. "Fungueni. Watu wanangoja king'ora. Fungueni tafadhali."

Mama alifungua kufuli. Mzee alikuwa na tai, koti, na kitambaa kilicholowa damu kwenye goti. Fundi alimshika mkono akamrudisha kitini, akaiwasha kompyuta upya, akakaa kando yake kumtazama. Aliangalia kila kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe. Karata zilikuwepo. Picha ilikuwa safi. Kipanya kilitii. Lakini mzee hakuzitazama karata. Kioo kilipoangaza tu, macho yake yalishuka moja kwa moja kwenye kona ya chini, mahali penye tarehe na saa, yakasoma kama alivyosoma maisha yake yote.

"Jumatano," alisema, akainuka. "Jumatano, na mimi bado niko hapa!"

Fundi akamshika koti.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "miaka ile aliyotulia, asubuhi akikaa hapa alikuwa akisema nini?"

"Kusema? Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akisema, 'Leo mapumziko, mke wangu.' Kisha anacheza karata. Mimi nilifikiri anafurahia kustaafu."

"Hakuwa anafurahia kustaafu. Alikuwa anasoma tarehe. Kila asubuhi ilikuwa tarehe mosi Januari, na mwaka mpya kiwanda kilikuwa kinafungwa. Ile betri ilipokufa ndipo alipotulia." Akamrudisha mzee kitini. "Mimi nimeitengeneza."

Mama alikaa polepole juu ya mrundo wa sare. Akasema, "Basi iharibu."

"Mama, huo ni uongo. Kila siku ya Mungu, uongo."

"Na ukweli wako umemfanyia nini? Ukweli anaupata asubuhi, mchana hana. Anachobaki nacho ni lile jeraha tu."

"Mimi nilifichwa, mama. Nilifichwa kifo cha mama yangu. Nilikuwa namtumia salamu, nao wananijibu. Najua unavyouma."

"Ulikuja kujua, ndiyo maana ukauma." Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akijaribu kufunga upya tai iliyokwisha kufungwa. "Wewe ulikuwa na kesho ya kukasirika, mwanangu. Huyu hana kesho. Atakasirika lini?"

Mzee alimgeukia fundi, akamwona kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Ah, kijana. Karibu. Mama hajambo?"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Akachukua bisibisi.

Alitoa betri mpya kwenye bodi, akaitia mfukoni, ule mfuko ulioshonwa. Alidhani ingetosha. Lakini Linux haikuwa kama mfumo wa zamani. Ilipowaka na kukuta saa iko nyuma, iliona kuna kosa, ikaisogeza yenyewe mbele, mpaka mwaka ambao mfumo ule ulitengenezwa, siku ya kazi. Mzee akasoma, akainuka. Fundi akazima. Akajaribu njia nyingine, mashine ikamrekebisha tena, kwa nia njema, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiwarekebisha watu. Mwisho akajua kuna njia moja tu. Ilimbidi aandike amri, mstari mmoja, utakaosomwa kila kompyuta inapowaka, uiambie kuwa leo ni tarehe mosi Januari, mwaka ule wa zamani. Kutoa betri kulikuwa kunyamaza tu. Mstari huu ulikuwa ni kusema, na wa kuusema alikuwa yeye.

Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe muda mrefu. Nyuma yake cherehani haikulia.

Akauandika. Akausoma tena, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma jina kwenye jiwe la kaburi. Kisha akaizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, na kumwambia mama, "Usiku uendelee kuchomoa kama kawaida. Wala isije ikaunganishwa na intaneti, itajifunza ukweli."

"Nani wa kuiunganisha hapa? Mimi na vifungo vyangu?" mama alisema, lakini hakuweza kucheka.

Kesho yake fundi hakufungua kibanda. Alipita kwanza kwa mzee. Kufuli lilikuwa bado mlangoni, na mama akalifungua. Ndani, mzee alikuwa ameshafunga tai. Goti lilikuwa na kitambaa kipya, cha sare ya shule.

Wakaiwasha. Nembo ikatokea, kioo kikaangaza, na macho ya mzee yakashuka kwenye kona. Midomo yake ikasoma kimyakimya. Mabega yake, ambayo yalikuwa juu tangu juzi, yakashuka polepole. Akalegeza tai, akaivua, akaikunja vizuri akaiweka juu ya meza.

"Leo mapumziko, mke wangu," alisema.

Mama aligeukia dirishani, akaanza kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Hakufanikiwa mara ya kwanza, wala ya pili.

Mzee akatandaza karata zake. Alipoweka mbili tatu, akamwona fundi aliyesimama karibu na mlango.

"Kijana, mbona umesimama? Karibu. Mama hajambo?"

Mkono wa fundi ulikuwa mfukoni, juu ya ile betri ndogo.

"Hajambo, mzee," alisema. "Anakusalimu."

"Zimefika. Zimefika sana." Mzee alitabasamu, akarudi kwenye karata. "Sasa siku ya mapumziko kama hii unakuja kukaa na wazee? Nenda ukamwone mama."

"Ninakwenda, mzee."

Mama alimsindikiza mpaka nje. Alilitoa kufuli kwenye mlango, akalishika mkononi kana kwamba hajui aliweke wapi. Fundi aliinamisha kichwa kumuaga, akaingia barabarani. Ilikuwa Alhamisi, na watu walikuwa wakikimbilia kazini.